Mrejesho: vifaranga wa bata mzinga niliochukua njia ya Bagamoyo

Wadau habari zenu, niliahidi mrejesho, umechelewa kwa sababu nilitaka nichinje kwanza ndo niongee. Mwezi wa saba nilichukua vifaranga 20 wa bata mzinga wa siku moja kwa jamaa mmoja anayetotolesha njia ya Bagamoyo (jina naliacha, sitaki kesi), elfu 12 mmoja, nafugia nyumbani tu hapa Kibaha, uwani.

Kwenye kuleta mzigo sina neno. Boda alifika asubuhi kama tulivoongea, boksi limetobolewa vizuri, wote wazima na mmoja wa nyongeza juu. Shida ni maelekezo. Nilimuuliza kabisa, kaka hawa wana tofauti gani na kuku, akanijibu "boss hao ni kuku tu wamezidi mwili, wape stata ya broila", yani chakula cha kuanzia cha vifaranga wa kuku wa nyama. Jamani si kuku! Kifaranga wa kuku ukimweka chini anadonoa mwenyewe, huyu anasimama pembeni ya maji anakuangalia wewe mpaka kiu inamuua. Wiki ya kwanza walikufa 5 hivohivo, maji yapo chakula kipo. Jirani yangu, mama mmoja mfugaji wa siku nyingi, ndo akanionyesha kuwachovya midomo kwenye maji mmoja mmoja na kutupia gololi kwenye kinyweshea, wakiona kinachong'aa wanadonoa, wakidonoa wanakutana na maji. Gololi za mwanangu ndo zimeokoa mtaji, nilimlipa na soda.

Hiyo stata ya broila nayo protini yake ni asilimia 22 hivi, bata mzinga wadogo wanataka kama 28, ndo maana wangu walidumaa mwanzoni, nikawa natwanga dagaa nachanganya na soya iliyokaangwa, wakachangamka. Habari ya joto alinielekeza sawa, digrii 35 wiki ya kwanza halafu unashusha kidogo kidogo kila wiki, hapo nampa haki yake.

Sasa kilichoniuma. Walipofika wiki ya saba nikampigia kumuuliza kama naweza kuwaachia na kuku wangu wa kienyeji uwani, akasema "achia tu boss, watazoeana". Nikaachia. Baada ya muda naona wawili wamejikunyata, vichwa chini, kinyesi cha njano kabisa kama salfa. Bwana mifugo akapasua mmoja aliyekufa, ini lina mabaka ya duara duara, akaniambia huu ugonjwa kuku anaweza kuwa nao asionyeshe kitu, vimelea vinasafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku, bata mzinga akidonoa hiyo ardhi ndo basi. Wakaondoka 4. Yani muuzaji anayetotolesha mwenyewe asijue hili kweli? Mi naona anajua, ila ukiogopa hununui.

Wakabaki 12. Aliniahidi dume kilo 15, la kwangu kubwa kuliko wote lilifika kilo 8 na nusu hai likiwa na miezi mitano na nusu, kuchinja na kunyonyoa ikabaki kama kilo 6 na kidogo. Siwezi kumlaumu sana hapo maana chakula nilianza vibaya, ila 15 kwa mbegu hii ni maneno ya sokoni. Nyama tamu, paja kwenye pilau ya Krismasi shemeji zangu hawakuongea mpaka sahani zikaisha, ila kifua usikikaushe jikoni kinakuwa kama mbao, na hakikisheni mna sufuria la shughuli, sisi tuliazima.

Madume 5 niliuza elfu 90 kila moja wiki ya sikukuu, wateja walikuja wenyewe, hata tangazo sikuweka.

Vifaranga nampa nyota 4, ushauri nyota 1. Nimeweka oda tena kwake, ila safari hii wa mwezi mmoja, 15 tu, wanakula na kunywa wenyewe. Na hawa hawatakanyaga uwani kwa kuku, nimewajengea banda la kichanja upande wa pili wa nyumba.