Mashine ya kukatia lami ya GX390: injini iko vizuri, diski ndiyo ya kuchunguza

Hii ni ile mashine ya kusukuma kwa mikono: fremu ya chuma, magurudumu manne, tangi la maji la plastiki, injini ya petroli ya Honda GX390 na kifuniko kinachopokea diski ya almasi hadi inchi 18, yaani milimita 450. Kwa kazi za Mwanza, za viraka vya lami, mitaro ya mabomba ya maji na viungo vya sakafu za zege, ndiyo saizi inayofaa zaidi. Ndogo yake, ya diski ya inchi 14, inaishia kina cha milimita 120 hivi. Hii inafika 170 au karibu na hapo, kutegemea fremu.

Tuanze na injini, kwa sababu ndiyo watu wanayoiuliza dukani. Muuzaji atakwambia 13 HP. Hiyo ni hesabu ya zamani ya nguvu ghafi. Nguvu halisi ambayo Honda huitaja ni 11.7 HP kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Halafu tupo juu. Uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kitabu cha injini kinasema nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko. Piga hesabu utaona kwamba Mwanza mashine hii inakupa HP 10 na kidogo. Zinatosha. Ila hazitoshi kuzamisha diski ya 450 hadi mwisho kwa mkupuo mmoja kisha usukume kama unasukuma mkokoteni. Injini ikianza kulalamika na sauti kushuka, umelazimisha.

Kuna injini za kuiga zenye umbo na ujazo uleule wa sentimita za ujazo 389, nyingi zimeandikwa 188F. Zinafanya kazi, na ukiambiwa wazi na bei ikaendana nayo, hakuna ubaya. Ubaya ni kulipia Honda ukapewa nyingine. Stika isikutoshe: tafuta jina la modeli na namba iliyogongwa kwenye chuma cha bloku.

Matunzo yake hayana siri. Oili ni lita 1.1 ya 10W-30, ya kwanza inamwagwa baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Plagi ni BPR6ES, uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8. Tangi la petroli ni lita 6.1, na ikifanya kazi nzito inakunywa hadi lita 3.5 kwa saa, kwa hiyo jaza kabla ya kuanza mstari mrefu. Kinachoziua injini hizi ni vumbi. Filta ya hewa kitabu kinataka isafishwe kila saa 50, na mara nyingi zaidi penye vumbi. Kwenye kukata lami na zege, ifungue kila siku kabla ya kuwasha. Ukikuta unga mweupe upande wa ndani wa filta, usiwashe, badilisha. Unga wa mawe ukishaingia kwenye silinda unakwangua ringi, na moshi wa bluu utauona kabla mradi haujaisha.

Sasa diski, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Mashine nyingi za aina hii huuzwa na diski ya “matumizi yote” ndani ya boksi. Kwa Mwanza diski hiyo ni ya kujaribia injini tu. Kokoto zetu ni itale, mawe yaleyale yaliyobebana kuanzia Capri Point hadi kilima cha Bugando, na itale ni ngumu kweli.

Jino la diski ni unga wa chuma ulioshika punje za almasi. Punje ikichakaa, chuma kinachoishika kinapaswa kulika ili punje mpya itokeze. Kwa hiyo kanuni inakwenda kinyume na wengi wanavyodhani: mawe magumu yanataka chuma laini, na kitu chenye kusaga kama mchanga kinataka chuma kigumu. Lami kwa kawaida inasaga, ndiyo maana diski za lami zina chuma kigumu. Lakini lami ya moto iliyochanganywa na kokoto za itale ina mambo yote mawili kwa pamoja: mchanga unaosaga na kokoto inayokataa. Ukichukua diski ngumu kuliko zote, itang'aa baada ya mita chache na itaacha kukata. Agiza diski ya lami ya ugumu wa kati, au ile inayouzwa kwa ajili ya lami juu ya zege. Kwa zege lililokomaa la kokoto za itale, nunua diski nyingine kabisa, ya chuma laini. Mkandarasi anayetaka diski moja ifanye yote atanunua tatu.

Kujua kama umepatia ni rahisi. Zima mashine, toa waya wa plagi, pitisha kidole kwenye meno. Yakikwaruza, na nyuma ya kila punje kuna kijimkia cha chuma, diski iko sawa. Yakiwa laini kama kioo, yamefunga. Meno yaliyofunga hufunguliwa kwa kukata kitu kinachosaga: tofali la saruji na mchanga mwingi, mapito kadhaa ya kina kifupi, hadi ukwaruzo urudi. Ikifunga tena na tena, diski si ya kazi hiyo. Na kama meno yanaisha haraka ilhali inakata vizuri mno, chuma ni laini kupita kiasi kwa ile lami.

Jambo lingine la barabara zetu: mitaa mingi ina lami nyembamba juu ya msingi wa changarawe. Diski ikipita chini ya lami, mchanga wa msingi unalamba chuma cha diski pale chini ya meno, kinakuwa chembamba kama wembe, na jino linaruka. Jino lililoruka linaweza kuua. Nunua diski yenye meno ya ulinzi, yale marefu yanayoshuka kuelekea katikati, na weka kina kilingane na unene wa lami, si zaidi ya hapo sana. Chimba kidogo pembeni ya shimo upime unene kwa rula kabla ya kukata.

Kufunga diski: futa flenji zote mbili hadi ziwe safi, kwa sababu punje moja ya mchanga katikati inatosha kuiyumbisha. Tundu la mhimili liwe milimita 25.4 na pini iingie mahali pake. Mshale wa diski ufuate mzunguko wa mhimili. Angalia uzi wa nati kabla ya kutumia nguvu, maana zipo za kufungulia kulia. Soma pia kikomo cha mizunguko: diski ya milimita 350 (inchi 14) kwa kawaida haizidi kama 4,365 kwa dakika, ya 450 kama 3,400. Usifunge diski ya grainda kubwa au ya mashine nyingine bila kusoma namba hizo.

Maji yafike pande zote mbili za diski. Hapa fremu nyingi zina udhaifu: bomba ni jembamba na vitundu vinaziba upesi, hasa maji yakichotwa ziwani yakiwa na majani na mchanga. Chuja kwa kitambaa, na zibua vitundu kwa waya mwembamba kila asubuhi. Tangi la mashine huisha haraka, kwa hiyo weka simtanki kwenye guta na uvute mpira. Maji yanapoza diski, na yanazuia vumbi la itale lisiingie kifuani. Vumbi hilo lina silika, na silika inaharibu mapafu bila dawa ya kuyarudisha. Anayekata kavu anawadhuru vijana wake na mama anayeuza samaki pembeni ya barabara. Tope linalobaki lizolewe kwa koleo lingali bichi; likikauka linakuwa vumbi tena, na mvua italipeleka kwenye mfereji, Mto Mirongo na ziwani.

Kwa kiraka, kwanza kibali: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za wilaya na mitaa. Chora mstatili unaoingia kwenye lami nzima sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye ufa wa mwisho. Pita mara ya kwanza kwa kina cha milimita 30 hadi 50, polepole, upate mfereji ulionyooka. Kisha ongeza milimita 50 kila pito. Usikate kona kwa kuzungusha mashine diski ikiwa ndani. Inua, geuza, shusha upya. Diski iliyopindishwa mara moja hainyooki tena.

Mikanda ni sehemu ya pili ya udhaifu. Mipya inalegea mapema, ikaze baada ya saa nne za kwanza. Diski ikisimama huku injini inaunguruma, na kuna harufu ya mpira, mikanda inateleza. Ikikatika mmoja, badilisha seti nzima, kwa kuwa mpya na mikuukuu haigawani mzigo.

Kwa sakafu na barabara za zege mashine inafanya kazi safi, mradi uwahi. Kata viungo kwa kina cha robo hadi theluthi ya unene, mara tu zege linaposhika kiasi cha kokoto kutong'oka kwenye kingo. Kwa jua na upepo wa ziwani muda huo ni mfupi. Ukingoja kesho mchana, ufa utakuwa umeshachagua njia yake. Zege la milimita 150 ligawanywe kwa mikato hiyo, mmoja kila mita 3.6 hadi 4.5.

Wanaouliza kama inaweza pia kukwangua uso au kufuta mistari ya rangi: haiwezi. Kazi hiyo ni ya mashine ya kukwangua yenye ngoma ya meno, na kusafisha zege kabla ya kupaka ni kazi ya mashine ya kurusha chembe za chuma, inayotaka kifyonza vumbi na uso mkavu kabisa. Uso ukiwa na unyevu, chembe zinashika kutu na kugandana.

Ukikodi badala ya kununua, usiondoke na mashine kabla ya kuzima, kutoa waya wa plagi na kutikisa mhimili kwa mkono: ukicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Washa, uangalie kama swichi ya dharura inazima kweli. Fungua maji uone yanatoka pande zote mbili. Kifuniko cha diski kiwepo. Wakati wa kusafirisha toa diski, funga koki ya petroli, na mashine ikae wima kwenye guta. Ikilala, oili inaingia kwenye filta na asubuhi haitawaka.