Bottles Kwenye Linux: Tumeibebesha Affinity Designer 2

Karibuni wadau. Leo tunaipima Bottles, programu ya bure inayotumia Wine kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Tumeibebesha Affinity Designer 2, programu ya kuchorea michoro, maana Notepad haimtoi mtu jasho.

Kuisakinisha kwa Flatpak (mfumo wa kusakinisha programu za Linux) ni amri moja kwenye terminali: flatpak install flathub com.usebottles.bottles. Ukiifungua, unda chupa mpya (folda inayoigiza Windows kwa ajili ya programu), chagua Application. Kila programu ipe chupa yake, ili moja ikiharibika usipoteze zote.

Sasa tufike panapokwamisha wengi. Affinity inadai .NET 4.8, maktaba ya Microsoft inayotegemewa na programu nyingi za Windows. Ingia Dependencies, sakinisha dotnet48 na allfonts (fonti za Windows). Hiyo dotnet48 itaonekana imeganda kwa dakika kadhaa; iache hivyo hivyo. Ukiikatiza katikati, dawa ni kufuta chupa na kuanza upya, kwa hiyo weka nakala ya chupa kabla hujaigusa.

Hapo bado. Affinity hutafuta folda ya WinMetadata, ambayo Wine haina. Ichukue kwenye Windows yenye leseni, iko C:\Windows\System32, uipachike kwenye drive_c/windows/system32 ya chupa yako. Chupa zenyewe zinakaa ~/.var/app/com.usebottles.bottles/data/bottles/bottles, na hiyo nukta mwanzoni maana yake folda imefichwa: bonyeza Ctrl+H uione. Wine ya kawaida nayo imesumbua sana toleo hili, hivyo tafuta iliyotiwa viraka mahsusi kwa Affinity, iweke kwenye folda ya runners (zinapokaa Wine za Bottles), kisha uichague kwenye mipangilio ya chupa.

Kingine: pakua kisakinishi cha EXE. Kile cha MSIX, aina nyingine ya kisakinishi cha Windows, usihangaike nacho. Programu ikishawaka, ingia Performance kwenye mipangilio yake uzime OpenCL (inayotumia kadi ya picha kuharakisha kazi). Mara nyingi hiyo ndiyo huifanya ijifunge ghafla.

Je, umefungua Open na picha zako huzioni? Hazijapotea. Flatpak imeifungia Bottles isione folda zako. Sakinisha Flatseal, programu ya kupanga ruhusa za Flatpak, uiruhusu Bottles ione folda ya kazi tu. Kuifungulia kompyuta nzima ni uzembe.

Kwa maoni yangu, Bottles inafaa kwa programu uliyoinunua mara moja. Kwa AutoCAD mpya au Adobe za malipo ya kila mwezi, siipendekezi: mifumo yao ya leseni itakuchosha kabla hujachora mstari. Hizo ziwekee Windows 11 ndani ya VirtualBox 7, programu ya kuendesha kompyuta pepe, ambayo ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) inayodaiwa na Windows 11. Ipe RAM ya GB 8 na diski ya GB 64 kwenda juu, na usitegemee kazi nzito za 3D humo.