Amri ya file: kipimo cha kwanza kabla ya kuingiza data

Faili kuitwa wateja.csv si ushahidi wa kilichomo. Wapo wanaobadilisha jina tu, .xlsx ikawa .csv, kisha hifadhidata inagoma kwenye mstari wa kwanza. Amri ya file, ambayo Ian Darwin aliiandika upya miaka ya 1980 na sasa inapatikana kwenye Linux na macOS, haijali jina. Inasoma baiti zenyewe.

Andika file --mime wateja.csv. Jibu lina charset, yaani usimbaji: namna herufi zinavyowekwa kwa baiti. Ukijibiwa charset=utf-8 au us-ascii, hayo ni maandishi. Ukiona charset=binary, usiingize kitu. Faili la .xlsx huanza na baiti 50 4B (kwa heksadesimali), yaani herufi PK, kwa kuwa ndani yake ni zip; .xls ya zamani huanza na D0 CF 11 E0. Faili lililobanwa kwa gzip huanza na 1F 8B. Kwa kazi hii amri ni ya kuaminika sana.

Inapozishinda zana nyingine ni kwenye usimbaji wa UTF-16, ambao Excel huutoa ukihifadhi kama Unicode Text. Humo kila herufi ya kawaida inafuatwa na baiti 00. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, huitafuta baiti hiyo ndani ya baiti 8,000 za mwanzo, ikiikuta inahukumu kuwa faili ni la binari. file huona FF FE pale mwanzoni na kujibu utf-16le. Ligeuze kwa iconv, amri ya kubadilisha usimbaji: iconv -f UTF-16 -t UTF-8 kwanza, maana hifadhidata ya PostgreSQL haipokei 00 ndani ya maandishi.

Udhaifu wa file unatugusa sisi moja kwa moja: ritifaa. Jina kama Ng’ang’a likinakiliwa kutoka Word huja na ritifaa iliyopinda. Katika Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, hiyo ni baiti moja, 92. Katika UTF-8 ni tatu, E2 80 99. Ikikutana na 92, file hujibu unknown-8bit, na wengi hudhani data imeharibika. Haijaharibika, tumia iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8.

Kibaya zaidi, matoleo ya karibuni hupima usimbaji kwenye kilobaiti 64 za mwanzo tu. Ng’ang’a akiwa mstari wa 9,000, utaambiwa us-ascii bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo kwa faili kubwa ongeza iconv -f UTF-8 -t UTF-8 wateja.csv > /dev/null. Hii husoma faili zima na kutupa matokeo, na ikikwama kwenye baiti mbovu, iconv ya GNU, iliyo kwenye Linux nyingi, hukutajia mahali ilipo.