Mabegi ya mgongoni ya mtumba, Sabasaba Dodoma: kagua ndani kabla ya nje

Anayepanga kwenda Kigali kwa barabara, au mbali zaidi, hana haja ya kuagiza begi jipya. Belo la mabegi likifunguliwa pale soko la Sabasaba, hutoka mabegi ya safari yaliyoshonwa imara kuliko mengi ya dukani. Ila mtumba ni mtumba: begi likikukatikia Rusumo, mpakani na Rwanda, huna wa kumrudishia. Ukaguzi ni palepale mezani.

Ingiza mkono hadi chini. Kukinata, au vidole vikitoka na magamba meupe, utando wa kuzuia maji umeoza. Joto na unyevu wa stoo huuozesha hata kama begi halijawahi kubebwa, ndiyo maana kwa nje linaweza kung'aa. Harufu kama ya kitu kilichochacha, isiyotoka kwa kufua, ni dalili ileile. Liache, hata ukipunguziwa bei.

Zipu ijaribu begi likiwa limejaa. Omba nguo za mezani ulijaze, kwa sababu likiwa tupu kila zipu hufunga. Meno yakiachana nyuma ya kichwa, mara nyingi kilicholegea ni kichwa chenyewe. Kukibana kidogo kwa plaizi kunasaidia siku chache tu, kwa hiyo kibadilishwe kabla ya safari. Meno yaking'oka, zipu nzima itoke, na kwa kitambaa kinene hiyo ni kazi ya fundi viatu.

Mkanda wa kiunoni wengi huuona pambo, wakati ndio unaohamishia mzigo kwenye nyonga. Begi lisilo nao, ukilipakia kilo 12, mabega yatakwambia. Kifungio chake hupasuka kwenye buti la basi. Beba cha akiba chenye upana uleule.

Ukubwa: lita 40. Watu huchukua 65 kwa sababu ya "huwezi jua", na hapo ndipo wanapokosea. Basi likilala njiani kinachokufaa ni maji, shuka, chaja na kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano), navyo vinatakiwa miguuni pako. Lita 65 zitaenda kwenye buti, utingo azirundikie magunia, na hutazipata hadi mwisho wa safari.

Vifuniko vya mvua kwenye mtumba huwa vimeshapotea. Wengi hupanga nguo ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, lakini Rwanda imepiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na mpakani wanakagua. Afadhali fundi akushonee mfuko wa turubai jepesi. Vumbi la buti lizuie kwa kulivika begi zima salfeti. Tena halitamaniwi na mtu.

Mfuko wa pembeni uwe na shazia na uzi wa nailoni. Mshono wa kwanza kuachia ni ule wa mkanda wa begani, pale juu unapoungana na mgongo, kwa hiyo uongezewe mistari miwili ungali Dodoma.