Stabilaiza kwenye Land Rover 109 ya zamani: mbele nimefunga, nyuma nimekataa

Kama una Land Rover ya springi za majani na unajiuliza ufunge stabilaiza (ile fimbo ya kuzuia bodi isilale kwenye kona) au uache, mi nasema funga ya mbele tu, isiwe nene sana, na usiifunge kabla hujarekebisha springi, bushi (ile mipira ya kwenye maungio) na shokapu. Hilo la mwisho ndo watu hawataki kulisikia, maana stabilaiza unaiona kwa macho, unaishika, unalipa hela unaondoka nayo, ila bushi iliyokufa haionekani mpaka fundi aingie chini na mtarimbo.

Gari yangu ni Series III ya bodi ndefu, ndo hiyo 109, yaani inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Hizi zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985 na zilitoka kiwandani na springi za majani mbele na nyuma, stabilaiza hamna hata moja. Aliyekuwa nayo kabla yangu alishatoa injini ya petroli ya lita 2.25 akaweka 3L ya Toyota, dizeli ya lita 2.8, kitu cha kawaida kabisa huku kwetu Tabora maana spea za 3L hazisumbui kupatikana. Sasa ndo shida ilipoanzia. Gari iliyozoea kwenda taratibu imepewa nguvu, lami ya Nzega ipo, lami ya Urambo ipo, unajikuta uko 80 au 90 na mbuzi anakatiza, unavuta stelingi kidogo tu bodi nzima inalala upande mmoja, unarudisha inalalia upande wa pili, na juu kuna keria ina magunia ya karanga. Mke wangu alikuwa anashika mlango muda wote, safari nzima hatulii.

Wamarekani nao wana utamaduni wao wa kuchukua gari ya kale, hasa Ford ya 1932, wanaipunguza uzito wanaipa injini kubwa, zinaitwa hot rod, na hili swali la stabilaiza wanalo hivyohivyo. Ila gari zao nyingi zimeshushwa chini na ni nyepesi, kwa hiyo wapo wanaoona haina haja kabisa na mi nawaelewa. Yetu ni kinyume, iko juu, nzito, na mzigo tunapanga juu zaidi. Ndo maana ushauri wa mtu wa hot rod huwezi kuuhamishia kwenye 109 hivihivi, inabidi ujue kile chuma kinafanya nini.

Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi imekunjwa mfano wa herufi U, katikati inashikwa na bushi mbili kwenye chesisi na ncha zake zinaungana na ekseli kushoto na kulia kupitia linki (kuna magari imefungwa kinyume, katikati kwenye ekseli na ncha kwenye chesisi, kazi ni ileile). Tairi zote mbili zikipanda pamoja, mfano umepita tuta, ile fimbo inazunguka tu kwenye bushi zake haifanyi kitu. Tairi moja ikipanda na nyingine ikishuka, ambayo ndo hali ya gari inayolala kwenye kona, fimbo inajisokota kama nguo unayoikamua, na inapokataa kusokotwa ndo inazuia bodi isilale. Haibebi mzigo, haiinui gari iliyokaa chini, haishushi uzito wa keria, na haiongezi breki. Nimesikia mtu anauziwa stabilaiza ili gari yake "iache kukaa nyuma" nikasikitika sana, hiyo ni kazi ya springi.

Nilianzia gereji moja ambayo sitaitaja. Jamaa hakuingia hata chini, akatingisha bodi kwa mkono akasema funga ya nyuma nene, nyuma ndo kuna uzito, kesho njoo uchukue gari. Nikamuuliza springi vipi, akasema springi nzima. Nikaondoka.

Gereji ya pili iko upande wa Ng'ambo, ya mzee mmoja na vijana wake, haina hata kibao, ukifika ni mwembe, jeki na spana. Hii ndo ninayoisifia. Nimefika nikamwambia, "Shikamoo mzee, nataka kufunga stabilaiza." Akajibu "Marahaba, nani kakwambia unahitaji?" Akalala chini muda mrefu. Alipotoka akaniita nami nilale chini, akahesabu majani ya springi ya mbele kushoto, akahesabu ya kulia, kulia limepungua jani. Mtu alishalitoa huko nyuma ili gari iwe laini, na wengi wanafanya hivyo, gari inakuwa tamu kwenye rafu rodi lakini ukitoa jani umepunguza ugumu wa springi na ndo huohuo ulikuwa unazuia gari kulala. Tena na ule msuguano wa jani kwa jani una mchango wake, ndo maana hata wanaofunga zile springi za kisasa zenye majani mawili matatu tu gari inakuwa laini ila inalala zaidi.

Afu akachukua mtarimbo akauingiza kwenye hangeri ya springi, pale ncha ya springi inaposhikwa na chesisi, akaupandisha kidogo, pini ikacheza wazi mbele ya macho yangu, mpira wa bushi umeliwa upande mmoja umebaki mwembamba, unatoa unga mweusi ukiugusa. Bushi zote za mbele na nyuma zilikuwa na hali yake na mbaya zilikuwa za mbele. Shokapu moja akaitoa akaisukuma kwa mkono ikashuka yenyewe bila ubishi. Mzee akasema, "Sasa ukifunga stabilaiza hapa unafunga kwenye nini? Tengeneza hivi kwanza, uendeshe, ukiona bado njoo." Fundi anayekataa hela ya leo ili kazi iwe sahihi mi namheshimu, na ndo sababu kubwa naandika haya.

Tukarudisha jani, tukabadilisha bushi zote na pini mbili, tukaweka shokapu mpya nne, na upepo wa tairi nikaacha kuweka kwa kukisia. Nikaendesha hivyo kama mwezi na zaidi. Niseme ukweli, mabadiliko makubwa yalitokea hapo. Gari iliacha ile tabia ya kulala halafu inachelewa kurudi, na stelingi ikawa inaeleweka. Kama gari yako inaishi mjini hapa na barabara za vumbi za vijijini, ukifika hatua hii simama, hela ya stabilaiza nunua tairi nzuri.

Mi niliendelea kwa sababu nina safari za Singida, na ukienda Singida kwa njia ya Nzega unapita Mlima Sekenke. Tabora yetu ni tambarare, kona za maana huzioni, kwa hiyo unaweza kujidanganya kwamba gari iko sawa mpaka siku uko Sekenke unashuka na mzigo, kona inafuata kona na lori liko nyuma yako. Kitu kingine ni mabasi. Basi likikupita kwa kasi kwenye lami nyembamba ule upepo unaisukuma 109 kama ukuta wa bati, unarekebisha stelingi bodi inayumba. Hapo ndo stabilaiza ina kazi.

Mzee alitafuta ya kutoka kwenye Land Cruiser ya miaka ya 80, zile za springi za majani, iliyokuwa imekatwa spea. Akapima kwa kalipa, milimita 22. Kulikuwa na nyingine nene ya 25 na kijana wake mmoja alikuwa anaitaka hiyo kwa sababu inaonekana ya kazi. Mzee akakataa na alikuwa sahihi, kwa sababu ugumu wa fimbo ya namna hii haupandi sambamba na unene, unapanda kwa unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo ile tofauti ya milimita 3 ambayo kwa macho huioni inakupa ugumu wa ziada kama theluthi mbili. Na urefu wa mikono ya ile U nao una kazi, mkono ukiwa mrefu inalainika, ukiwa mfupi inakaza. Ndo maana mzee aliweka sehemu mbili za kufungia linki kila upande, ili tukiona imekaza sana tusogeze.

Ufungaji wenyewe uchunguze kabla hujamlipa mtu. Kwanza fimbo yenyewe isiguswe na moto wala wilding, hiki ni chuma cha springi, ukikichoma kinapoteza ugumu wake pale na siku moja kinakatika hapohapo. Haikutosha kwa upana? Tafuta nyingine, usikubali ikatwe na kuungwa. Pili mabano ya chini mzee hakuyachomelea kwenye ekseli maana nyumba ya ekseli inaweza kupinda kwa joto, alitengeneza bati nene likakaa chini ya yubolti za springi (zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) likabanwa pamoja nazo. Tatu, kabla ya kukaza kitu aliinua gari upande mmoja kwa jeki mpaka tairi ikaning'inia, akanituma nikate stelingi mwisho kulia, mwisho kushoto, yeye yuko chini anaangalia kama fimbo inagusa tairodi (fimbo ya stelingi inayounganisha tairi mbili za mbele) au paipu ya breki. Upande wa kulia iligusa mpira wa breki. Wakashusha bano, wakarudia zoezi. Fundi asipofanya zoezi hilo mwambie afanye, la sivyo utakuja kugundua barabarani.

Matokeo kwenye lami nimeyapenda. Ukikwepa kitu ghafla gari inakwepa na kurudi mara moja, ile ya kulala huku na kule imeisha, Sekenke nimepita na magunia juu na mke wangu safari hii alilala usingizi kabisa. Pua inasukuma nje kidogo zaidi ukiingia kona kwa kasi, na hiyo ni kawaida ya stabilaiza ya mbele, inakuonya mapema upunguze mwendo, kwangu hilo ni zuri.

Kwenye rafu rodi umepoteza kitu na nisingependa mtu akufiche. Njia ya kwenda Kwihara, kule kwenye tembe la Livingstone, mvua ikinyesha inachimbika upande mmoja, tairi ya kushoto ikiingia shimoni unalisikia mpaka upande wa kulia, kwa sababu sasa zimeunganishwa. Kichwa kinatingishwa kulia kushoto kuliko mwanzo. Na kwenye makorongo ya shamba tairi inanyanyuka mapema badala ya kunyooka kufuata ardhi, na tairi ikiwa hewani haivuti. Range Rover ya kwanza ya 1970 ilitoka na koili laini bila stabilaiza, kwenye kona ilikuwa inalala ila porini ilikuwa inapita sehemu za ajabu, unaona wenyewe walichagua nini. Kwa hiyo masika yakianza na nikiwa na kazi ya shamba huko Sikonge nafungua linki mbili za chini, bolti mbili tu, nafunga fimbo juu kwa waya isining'inie, gari inarudi kama zamani. Ukitengenezewa ambayo haifunguki kirahisi utajuta kila masika.

Sasa nyuma. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Ukikaza nyuma peke yake bila mbele, kwenye kona tairi za nyuma ndo zinabeba kazi kubwa zaidi ya kuzuia kulala, zinapoteza mshiko kabla ya za mbele na mkia unachomoka. Kwenye lami yenye mchanga juu, na Tabora mchanga hauishi, gari ndefu ya juu ikichomoka nyuma hairudi kirahisi, unaenda kubiringika. Yule wa gereji ya kwanza aliniambia nyuma kwa sababu ya uzito, na uzito ndo sababu ya kuogopa. Ukitaka nyuma, anza mbele kwanza, na ya nyuma iwe dhaifu kuliko ya mbele.

Bei: fimbo na bushi zake za katikati nililipa kama 150,000, mabano, linki na ufundi 120,000. Zile bushi, pini, jani na shokapu zilinitoka zaidi ya mara mbili ya hiyo na sijutii hata shilingi. Bushi za stabilaiza chukua za mpira wa kawaida, zile ngumu za plastiki zinadumu ila zinalia kwenye vumbi letu usipozipaka grisi. Baada ya wiki kadhaa rudi ukaze bolti zote za mabano na yubolti, zangu mbili zilikuwa zimelegea na mzee alinikazia bure.