Ribu ya mtutu ilipoachia: nilivyoirudishia sauti bunduki ya baba mkwe

Nafanya kazi za shamba Worcestershire, Uingereza, mwaka wa 14 sasa. Bunduki ninayoizungumzia ni ya marisau, kipimo cha 12, ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Imetengenezwa Birmingham, na aliniachia baba mkwe wangu. Si bunduki ya fahari, na ukiipeleka sokoni leo hupati cha maana. Lakini ndiyo niliyojifunzia kulenga, na kila Februari ndiyo ninayowafukuzia njiwa pori wanaokula kanola, ule mmea wa mbegu za mafuta, ikingali changa.

Kwa asiyeijua bunduki ya namna hii, mitutu yake ni mabomba mawili mbalimbali. Nyuma, upande wa chemba, yameungwa kwa lehemu ngumu ya shaba. Kisha juu na chini, katika ule mfereji ulio kati yao, hulazwa kanda mbili nyembamba za chuma, ambazo mafundi wa huku huziita ribu. Ribu hazina skrubu hata moja. Zinashikwa na lehemu laini ya bati na metali ya risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hivi za Selsiasi. Ya juu ndiyo jicho linayoifuata unapolenga.

Sasa kisa chenyewe. Miaka mitatu iliyopita weusi wa mitutu ulikuwa umechuja, nikaipeleka duka moja kutiwa weusi upya. Ilirudi inang'aa, nikafurahi. Mwaka uliofuata nikaona ungaunga mweupe ukitokeza pembeni mwa ribu ya juu. Naufuta, unarudi. Baadaye ukafuatiwa na kutu nyekundu, na siku moja nikiwa naisafisha, kipande cha risiti kikapita chini ya ribu kama barua chini ya mlango. Karibu na mdomo wa mtutu, urefu wa kidole kizima ulikuwa umeachia.

Niliporudi pale dukani waliniambia watapitisha gundi kali na mambo yatakwisha. Sikukubali, na nashukuru sikukubali.

Fundi aliyenitengenezea nilielekezwa na jirani. Ana karakana ndogo Birmingham na kibali cha polisi cha kupokea silaha za watu, jambo ambalo huku ni lazima. Alikikagua cheti changu cha kumiliki bunduki kabla hata hajafungua mfuko. Akatenganisha mitutu na kitako, akaining'iniza kwa kidole kwenye lile jino la chini linaloingia kwenye mwili wa bunduki, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoa mlio mfupi wenye mkwaruzo. Pale pale nilimkumbuka mama sokoni Korogwe, anavyonyanyua chungu, anakigonga na kutega sikio kabla hajataja bei. Chenye ufa hakilii. Fundi akachukua mitutu mingine iliyokuwa ukutani, akaigonga vilevile, nayo ikalia kama kengele, mlio ukadumu. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo alinieleza. Kuna kutia weusi kwa kuchovya chuma kwenye chumvi kali ya magadi inayochemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ni kazi ya dakika chache, na kwa bunduki nyingi za kisasa haina neno. Kwa mitutu iliyoungwa kwa lehemu laini ni sumu: magadi yale huila lehemu, na yanayojipenyeza chini ya ribu hayatoki tena. Ule unga mweupe ulikuwa ndio huo. Na ubaya wa ribu iliyoachia si mlio. Unyevu unaingia katikati ya mitutu na kutu inakula chuma kwa nje, mahali ambapo jicho halifiki, huku ndani ya mtutu ukichungulia unaona kioo kitupu.

Kabla ya kutaja bei alisoma mihuri iliyo chini ya mitutu, ya Proof House ya Birmingham, nyumba ya kujaribu uimara wa mitutu iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Kisha akapima unene wa kuta. Mafundi wengi huku hawapendi ukuta ulio chini ya milimita 0.5. Wangu, palipo pembamba kabisa, ulikuwa 0.6. Aliniambia wazi kwamba ungekuwa chini ya hapo asingenilia pesa yangu. Kwa neno hilo tu nilimwamini.

Hakubandika pale palipoachia peke yake. Alizing'oa ribu zote mbili, akakwangua lehemu ya zamani na kutu, akaosha magadi, akapaka bati jipya, akazifunga kwa waya na vikabari, kisha akaulehemu urefu wote upya. Niliomba anionyeshe kabla hajafunga. Kati ya mitutu kulikuwa na vishimo vya kutu, kama uso ulioguswa na ndui. Nilisikitika sana. Lile duka lilinirudishia bunduki inayong'aa huku ikioza.

Weusi aliutia kwa njia ya zamani: unaipaka mitutu dawa, unaiacha ishike kutu usiku kucha kwenye kabati lenye unyevu, unaichemsha kwenye maji matupu mpaka wekundu ugeuke mweusi, unasugua kwa nyuzi laini za chuma, unarudia. Kwangu alirudia mara nane. Rangi si ya kumeremeta. Ni nyeusi iliyotulia, na mkononi haitelezi.

Nililipa pauni 520, yaani zaidi ya thamani ya bunduki yenyewe. Kama yako haina mtu nyuma yake, nunua nyingine. Kwangu hilo halikuwa swali. Lawama yangu ni moja: aliniambia wiki sita, zikawa kumi na moja bila simu hata moja, na msimu wa njiwa ukanipita nikiwa na bunduki ya kuazima.

Ndugu zangu mlio huku wenye vyeti, mnaotaka kununua bunduki kuukuu ya mitutu miwili, hakikisheni haina risasi, itoeni mitutu, ining'inizeni, mgonge. Msimwonee haya muuzaji. Na mkipeleka kutiwa weusi, ulizeni ni wa kuchovya au wa kutu, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Siku ya kuichukua, fundi hakunikabidhi mitutu mkononi. Aliining'iniza kwa kidole, akanionyesha kwa kichwa nigonge mwenyewe. Nikagonga. Mlio ulikuwa bado haujakwisha alipoanza kuandika risiti.