Dark Souls: Remastered na hesabu ya mafunda matano

Michezo mingi ya video ya njozi humpa mchezaji tiba bila hesabu: mganga wa kikosi huinua fimbo, majeraha hufungika, na vita huendelea kana kwamba upanga wa adui haukumgusa mtu. Dark Souls, mchezo wa kampuni ya Kijapani FromSoftware uliotoka mwaka 2011 chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki na kutolewa upya mwaka 2018 kwa jina la Dark Souls: Remastered, unakataa ukarimu huo, na kwa maoni yangu ubora wake umo humo kuliko katika ukali wa maadui unaosifiwa kila mahali.

Dawa kuu ni chupa ya Estus. Kwenye moto wa kawaida wa kupumzikia hujazwa mafunda matano, na yakiisha hakuna mfanyabiashara wa kukuuzia mengine. Kurudi motoni kunaijaza tena, lakini karibu maadui wote wa kawaida uliokwisha kuwaua hufufuka papo hapo, hivyo njia uliyoisafisha kwa taabu unaianza upya.

Hata hivyo, idadi si jambo zito zaidi. Jambo zito ni muda. Mhusika anapoinua chupa husimama palepale, na hawezi kukinga wala kukwepa mpaka amalize kumeza. Juu ya ukuta wa Undead Burg, mji wa mwanzoni mwa mchezo, ambako Taurus Demon, jitu lenye shoka, humrukia mchezaji kwenye njia nyembamba, kanuni hii hujieleza yenyewe. Mchezaji mgeni hunywa mara tu anapojeruhiwa, yaani wakati adui yuko karibu kabisa, na pigo la pili humkuta chupa ikiwa mdomoni. Aliyezoea husubiri shoka lishuke, kwa sababu baada ya kila pigo zito jitu hilo hubaki wazi kwa muda mfupi unaotosha kwa jambo moja tu: kulichoma upanga au kunywa. Kila funda, kwa hiyo, ni shambulio ulilojinyima, na pambano linarefuka kwa kiasi hicho. Sijaona njia bora zaidi ya kuifanya tiba iwe na gharama bila kumpokonya mchezaji tiba yenyewe.

Ubunifu huo unaonekana pia katika eneo la Blighttown, ambako wapuliza mishale waliojificha gizani hukuambukiza sumu kali. Estus hurudisha uhai lakini haiondoi sumu, na asiyebeba dawa yake ya mimea atamaliza chupa nzima huku akizidi kudhoofika.

Mfumo huu una matundu, tena si madogo. Kipande cha Humanity (yaani ubinadamu), kitu ambacho mchezaji hukusanya njiani, kikitumiwa hujaza uhai wote, na aliyekusanya vingi huwa na akiba ya pili isiyofuata hesabu ya chupa. Ukivitoa sadaka motoni, moto huo utakupa mafunda 10. Na baada ya kumshinda Pinwheel, adui mkuu wa makaburini, unapata uwezo wa kufikisha 15 na hatimaye 20, kiasi ambacho kwa kweli kinalegeza mapambano ya mwisho. Wahusika wa imani wana miujiza ya kuponya, ambayo nayo ina idadi ya matumizi na hurudishwa motoni. Hapo sina lawama.

Warithi wake wanaonyesha jinsi mizani hii inavyoharibika upesi. Dark Souls II ya mwaka 2014 iliongeza vito vya uhai vinavyonunuliwa dukani, basi mwenye fedha anajiponya apendavyo. Bloodborne ya mwaka 2015 inakuruhusu kubeba chupa 20 za damu, lakini akiba ikikauka bosi (adui mkuu wa eneo) anapokushinda mara kwa mara, huna budi kwenda kuwinda maadui wadogo ili uipate tena, kazi ya kuchosha isiyokufundisha lolote kuhusu bosi mwenyewe.

Anayetaka kununua aangalie mashine yake. Toleo la Nintendo Switch linaendeshwa kwa picha 30 kwa sekunde, ilhali la PlayStation 4 linalenga 60. Kwa kuwa kunywa kwa usalama kunategemea kuusoma mkono wa adui kabla haujashuka, ningechukua la pili bila kusita. La Switch linamfaa zaidi anayecheza safarini.